Kilalio cha mshale kwanza, kilengeo baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niijibu makala yenu kuhusu watu wa Afrika Mashariki walioko Marekani wanaoanza kuwinda kwa upinde wa kompaundi (ule wa kisasa wenye magurudumu), pamoja na barua ya msomaji aliyeijibu wiki iliyofuata. Makala niliifurahia. Ni nadra gazeti la Kiswahili kutukumbuka sisi tunaoamka saa kumi alfajiri mwezi wa Novemba kwenda kukaa juu ya mti kwenye baridi. Lakini ushauri wake wa vifaa utawagharimu wasomaji wenu pesa, na ubaya zaidi, utaacha kulungu wengi porini wakiwa na majeraha na wasipatikane.

Mimi ni Mkamba wa Kitui, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ufundi wa pinde katika duka moja nje kidogo ya Columbus, Ohio. Nakata mishale, nafunga nyugwe (kamba za upinde) mpya, napanga vilengeo, yaani vifaa vya kulengea, na vilalio, yaani vifaa ambavyo mshale hulala juu yake, na wateja wakiisha nafuma kidogo kwenye uwanja wa ndani ulio nyuma ya duka. Upinde wangu una uzito wa kuvuta wa pauni 45, na urefu ninaovuta ni inchi 26, kwa hiyo mshale wangu huenda polepole kuliko wa mwanamume mwenye mikono mirefu. Nataja hayo kwa sababu makala iliandikwa kana kwamba kila msomaji ni kijana wa futi sita anayevuta pauni 70.

Karibu ukurasa mzima ulisifu vilengeo: pini saba (vijiti vya kulengea, kila kimoja kwa umbali wake), taa ya betri, kioo kinachopima umbali chenyewe. Kilalio cha mshale kilipata sentensi moja tu, kwamba kinachokuja na upinde kinatosha. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kilengeo hakigusi mshale hata kidogo. Kazi yake ni kukuambia upinde umeelekea wapi. Kilalio ndicho kinachoushika mshale unapovuta, unapotulia, na mwanzoni mwa safari yake baada ya ugwe kuachiwa. Kilalio kikiwa kimekaa upande, mshale huondoka mkia ukiyumba, na hakuna pini itakayourekebisha. Tena kilengeo kizuri kinaweza kuuficha ugonjwa huo majira yote ya kiangazi. Mtu anaona mishale yake inaangukia kushoto, anasogeza pini kushoto, mishale inaingia katikati, anafurahi. Msimu ukikaribia anafungua ncha za mazoezi na kutia chembe za kuwindia zenye makali, na ghafla kila kitu kimeharibika.

Sababu yake ni hii. Ncha ya mazoezi haina mabawa. Mshale ukiondoka vibaya, manyoya ya nyuma huunyoosha baada ya yadi chache na kosa halionekani. Chembe ya kuwindia ina mabamba mawili au matatu mbele, na mabamba hayo hushika hewa kama manyoya yanavyoishika. Sasa mshale una usukani mbele na usukani nyuma. Ukiondoka sawa, viwili hivyo vinakubaliana. Ukiondoka upande, wa mbele hushinda.

Kiangazi kilichopita aliingia dukani mzee mmoja Mkongo, mtu wa Fizi aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Alikuwa amekumbatia upinde alionunua kwa jirani, na juu yake kilengeo chenye bei kubwa kuliko upinde wenyewe.

“Mama,” akaniambia, “mishale ya mazoezi inaingia muzuri. Nikitia chembe, inakimbia kushoto. Hii kilengeo iko na ugonjwa.”

Nikamwomba afume miwili kutoka yadi 20, mmoja wenye ncha ya mazoezi, mwingine wenye chembe. Wa kwanza ukaingia katikati. Wa pili ukakaa kushoto kwa upana wa kiganja. Nikachukua kifunguo cha pembe sita, nikafungua kilengeo chake chote na kukiweka kaunta. Akanitazama kama mtu aliyevuliwa kofia mbele za wakwe.

“Mzee, leo hatulengi kitu,” nikamwambia. “Tunatazama mshale unavyotoka.”

Duka lolote la maana lina fremu ya mbao au ya mabomba iliyotandazwa karatasi. Mtu husimama kama mita mbili kutoka kwenye karatasi, mshale ukapita ndani yake na kuishia kwenye sponji nyuma. Mshale uliotoka sawa huacha tundu moja la duara na mikato mitatu ya manyoya imelizunguka. Wa mzee uliacha mraruko wa kulala, urefu wa kidole. Nikainama nitazame kilalio chake. Kilikuwa cha aina ile ya duara lenye nywele ngumu za plastiki, na nywele za upande mmoja zilikuwa zimelika hadi mshale ukawa unaegemea huko. Skrubu inayokishika kwenye mpini nayo niliizungusha kwa vidole tu, bila kifunguo.

Nilimfungia kipya cha aina ileile. Nikaupanga mshale ukae sambamba na tundu la skrubu ya kilalio kwenye mpini, na uwe pembe mraba na ugwe. Kwa upande wa kulia na kushoto, pinde nyingi za sasa hupenda katikati ya mshale pawe kama inchi 13/16 kutoka ukuta wa mpini, ingawa kijitabu cha upinde wako ndicho kinachotawala. Tukapiga karatasi tena, nikasogeza kilalio chini ya milimita moja, tukapiga tena, mpaka likabaki tundu safi. Hapo ndipo nilipomrudishia kilengeo chake. Chembe na ncha za mazoezi zikaangukia mahali pamoja.

“Bei gani hiyo kidude?” akauliza.

Nikamtajia. Akacheka. “Na mie nilitaka kuuza kilengeo!”

Wasomaji wenye pinde nyumbani washike jambo hili, maana naliona likichanganywa kila wiki. Kilengeo hufuata mshale: mishale ikiangukia kushoto, sogeza pini kushoto, ikiangukia juu, pandisha pini. Kilalio, pale unapolinganisha chembe na ncha za mazoezi, huenda kinyume: chembe zikiangukia kushoto kwa ncha za mazoezi, sogeza kilalio kulia, kidogo mno, kisha fuma tena. Na karatasi ikiraruka mkia ukiwa juu, pandisha kilalio au shusha kidogo pale mshale unaposhika ugwe. Chunguza pia kama manyoya hayagongi kitu. Kuna unga wa kupulizia miguu unaouzwa maduka ya dawa; unapulizia kwenye kilalio na kwenye manyoya, unafuma, halafu unatazama unga umekwaruzwa wapi. Rangi ya midomo nayo inafaa. Wanaume wa dukani walinicheka siku ya kwanza nilipoitoa kwenye mkoba, na sasa wao ndio wanaoniomba.

Sasa uchaguzi wenyewe. Vilalio vya meno mawili ya chuma, ambavyo mshale hukaa juu bila kushikwa, nitavipita. Ukivikuta kwenye upinde wa mitumba, ving'oe. Vinavyobaki ni viwili vya kufikiria.

Cha kwanza ni kile cha duara na nywele, ambacho wengi huku hukiita kwa jina la chapa, Whisker Biscuit. Mshale ukishaingia katika tundu lake hauendi kokote. Unaweza kuinama, kugeuka kitini, kuvuta ukitetemeka kwa baridi, au kushusha upinde bila kufuma, na mshale bado umelala mahali pake. Hakina kamba wala springi, na hakuna kinachosogea. Bei yake ni kama dola hamsini. Ubaya wake ni kwamba manyoya hupenya katikati ya nywele kila ufumapo, kwa hiyo manyoya halisi ya ndege hayafai, tumia ya plastiki yaliyo mafupi na magumu. Mshale hupoteza futi chache za mwendo kwa sekunde, jambo ambalo kulungu hatalihisi. Nywele hulika polepole, na mwenye upinde huwa wa mwisho kujua. Ikinyesha mvua ya barafu, kama inavyotokea huku Desemba, maji huganda kwenye nywele, na asubuhi hiyo utakilaani.

Cha pili ni kile kinachoanguka. Mkono mdogo huuinua mshale unapovuta, na ukiachia, mkono huo huporomoka kabla manyoya hayajafika, mshale ukapita bila kugusa kitu. Kuna vinavyovutwa na kamba iliyofungwa kwenye kebo ya upinde inayoshuka unapovuta, na kuna vinavyovutwa na kamba iliyofungwa kwenye tawi la upinde, ile sehemu inayopinda. Hivi vya tawi napendelea kuvipanga, kwa kuwa mkono huinuka mapema na hubaki umeinuka muda mrefu zaidi baada ya mshale kuachiwa. Kilichofungwa vizuri ni kitamu. Huvumilia manyoya ya aina yoyote, na mtu anayefuma mbali atayaona matunda yake. Lakini kila kitu kinategemea kamba moja nyembamba na kibanio kidogo. Kamba ikiteleza kidogo tu, mkono haufiki juu, au unachelewa kuanguka na manyoya yanaugonga. Halafu kuna kelele: mkono wa chuma ukigonga mpini kwenye msitu uliotulia, kulungu aliye yadi 20 anageuza masikio. Bandika kipande cha kitambaa kizito pale unapoangukia. Na ukikinunua, nunua chenye kizuizi kinachouzingira mshale pande zote, ili usidondoke unapoinama.

Kudondoka kwa mshale nakutaja kwa makusudi. Mishale ya siku hizi ni ya kaboni. Mshale uliogonga mguu wa kiti au jiwe unaweza kupata ufa usioonekana, na mshale wenye ufa ukisukumwa na upinde wenye nguvu unaweza kupasukia mkononi. Kila mshale ulioanguka ukunje kidogo karibu na sikio, uuzungushe, usikilize. Mshale ukilia, uvunje uutupe.

Kwa anayeanza, atakayekaa juu ya mti Ohio, Kentucky au Pennsylvania, na kulungu wake atakuwa yadi 15 hadi 25, namwambia anunue cha nywele na abadilishe kila kinapolika. Anayekwenda milima ya Colorado kutafuta elki, yule ndugu mkubwa wa kulungu, ambako mtu anaweza kulazimika kufuma yadi 40 au 50, namfungia kinachoanguka na kumfundisha kukikagua kila asubuhi. Mwenzangu wa dukani hakubaliani nami. Yeye kila mtu anampa kinachoanguka. Tumebishana sana na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Niingie kwenye vilengeo, ambavyo makala ilivipamba sana.

Pini saba za nini? Chukua upinde wa kawaida unaorusha mshale futi 260 kwa sekunde, na pini moja iliyopangwa kwa yadi 20. Kwenye yadi 10 mshale utaangukia karibu palepale ulipolenga. Kwenye yadi 25 utakuwa chini kwa inchi mbili hivi. Kwenye yadi 30 utakuwa chini kwa inchi tano au sita. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu mkia-mweupe ina upana wa inchi nane hivi. Maana yake, kutoka hatua chache hadi yadi 25 pini moja inakutosha, na ya pili ya yadi 30 inamaliza shughuli nyingi za misitu ya huku. Ya tatu ya yadi 40 iweke kwa ajili ya mazoezi. Hizo nyingine nne ni vijiti vya kukuzibia mnyama, na moyo ukidunda kwa kasi utachagua pini isiyo yake. Nimemwona mteja kwenye sponji ya kulungu wa bandia, bila baridi wala hofu, akitumia ya 40 kwa shabaha ya 20, na mshale ukapita juu ya mgongo.

Kwa upinde mwepesi kama wangu, wa futi 230 hivi kwa sekunde, mambo hubadilika. Pini ya yadi 20 itakuacha chini kwa karibu inchi tatu kwenye yadi 25, na inchi saba au nane kwenye yadi 30. Kwa hiyo akina mama na vijana wanaihitaji pini ya 30 kuliko wanaume wenye pinde kali. Nafuu yetu ni kwamba pini zetu huachana vizuri, mwanya kati yake ni mpana, na jicho halichanganyikiwi. Kwenye upinde wa kasi sana pini hubanana hadi zinakaribia kugusana, na hapo ndipo pini nyembamba zinapofaa.

Kuhusu unene, makala ilisema kadiri pini inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyokuwa bora. Pini ya unene wa 0.019 ya inchi hufunika kama nusu inchi tu ya shabaha iliyo yadi 20. Ile nene ya 0.029 hufunika kama robo tatu ya inchi. Kwa sehemu ya inchi nane, tofauti hiyo ni ya nini? Ila kwa mwanga tofauti ni kubwa. Uzi wa faiba unaoing'arisha pini ukiwa mnene huleta nuru zaidi, na saa ya kulungu ndiyo saa ya giza: huku Ohio sheria inaruhusu kufuma kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Mwenye miaka zaidi ya arobaini, au anayevaa miwani, na aje nimwonyeshe pini nene ya kijani. Nyekundu kwa macho mengi hutawanyika na kuonekana kama nyota yenye miiba.

Kuna kilengeo cha pini moja kinachopanda na kushuka kwa kuzungusha gurudumu. Nakipenda kwenye uwanja. Msituni kina shida yake: kulungu akiwa yadi 30 ukazungusha, kisha akatembea hadi 18 wakati umeshavuta, mikono yako yote ina kazi. Dawa yake ni kukiacha kwenye yadi 20 na kukisahau, uzungushe tu pale kulungu anapokupa nafasi.

Kinachowahangaisha watu bila kujua ni kile kitundu kilichosokotwa kwenye ugwe mbele ya jicho. Ukivuta ukatazama ndani yake, duara la kilengeo linapaswa kujaa humo sawasawa, ukingo ndani ya ukingo. Likiwa dogo sana ndani ya kitundu, kila siku utaliweka mahali tofauti na mishale itatawanyika. Kwa hiyo usinunue kilengeo bila kujua ukubwa wa kitundu chako. Kitundu cha robo inchi huingiza mwanga mzuri jioni. Kile kidogo cha mashindano kitakuzimia dakika za mwisho, na hizo ndizo dakika zenyewe. Tazama pia pimamaji iliyo chini ya pini. Ukiinamisha upinde upande mmoja, mshale huenda huko, na juu ya mti mwili hupinda bila wewe kujua. Vilengeo vya bei kubwa vina skrubu ya kuirekebisha pimamaji kwa kufuma mlimani au bondeni. Kwa yadi 20 kutoka mtini hutaihitaji. Kwa milima, lipa.

Vya betri vinavyopima umbali vyenyewe havina uchawi, vinafanya kazi. Lakini betri huchoka kwenye baridi, na majimbo kadhaa ya magharibi, Montana mojawapo, huwekea mipaka vifaa vya umeme vilivyofungwa kwenye upinde. Kipima umbali cha mkononi kinafanya kazi hiyohiyo: ukishapanda mtini, pima umbali wa miti mitano iliyokuzunguka kabla kulungu hajaja, ukirudishe mfukoni.

Sasa nimgeukie msomaji aliyeandika kwamba mababu zetu walifuma bila kilengeo wala kilalio, na kwamba vyote hivi ni udhaifu wa watu wa mjini. Babu yangu mzaa mama alikuwa na uta. Mshale uliegemea kwenye ngumi yake, na macho yake yalikuwa kwa mnyama. Ni kweli. Lakini uta ule ulikuwa mzito zaidi kadiri ulivyouvuta, hivyo mtu aliachia papo hapo mkono ulipofika mwisho. Muda wa kutafuta pini haukuwepo. Upinde wa kompaundi, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969, una magurudumu yanayoupunguza uzito ukishavuta hadi mwisho. Upinde wa pauni 60 wenye upunguzo wa asilimia 80 unaushikilia kwa pauni 12 tu. Ndiyo sababu kitundu na pini vina maana hapa: unao muda wa kutulia na kulenga.

Jingine, mababu walikuwa na sumu. Wakamba, Wagiriama na Wata wa upande wa Tsavo walipaka mishale sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti, ambayo husimamisha moyo. Wata, jamii ya wawindaji, walivuta pinde za zaidi ya pauni 100 na kuangusha ndovu. Mshale wenye sumu ukiingia pajani, mnyama anakufa. Huku Ohio sumu kwenye mshale ni marufuku, na kulungu aliyepigwa paja kwa chembe ya kawaida anakwenda kuteseka kwenye shamba la mtu mwingine. Chembe inaua kwa kutoa damu, na inahitaji mapafu. Kwa hiyo anayetaka kufuata njia ya babu achukue pia umbali wa babu, hatua chache tu kutoka kwa mnyama. Nyumbani mjadala huu haupo, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sina ugomvi na hilo.

Machache kwa wanaonunua vya mitumba, maana najua wengi wetu tunaanzia huko. Karibu kila upinde wa kompaundi una tundu mbili za kawaida za kufungia kilengeo, kwa hiyo kilengeo cha zamani hukubali upinde mpya. Vilalio si hivyo. Pinde nyingi zina tundu moja lenye hesi pembeni mwa mpini, na pinde mpya kadhaa zina pia mfereji nyuma ya mpini ambamo kilalio huchomekwa. Kilalio cha mfereji hakifungiki kwenye upinde wa zamani, nami nimewarudisha watu nyumbani na maboksi yao. Vilalio vingi huuzwa vya kulia au vya kushoto. Jua kwanza jicho lako kuu ni lipi. Unganisha viganja uache mwanya mdogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia humo, kisha funga jicho moja moja. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo jicho lako kuu, na ndilo litakalochagua upinde, hata kama unaandika kwa mkono mwingine.

Ukimaliza kupanga kila kitu, paka rangi ya kucha mstari mwembamba unaovuka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma cha pembeni, kwenye kilalio na kwenye kilengeo. Upinde hutetemeka kila ufumapo na skrubu hulegea. Mstari ukiachana, unajua kuna kitu kimesogea kabla hujapanda mtini. Chupa moja ya dola mbili inatosha miaka.

Mwisho, mhariri, naomba msahihishe jambo moja. Makala ilisema msimu wa upinde unaanza Oktoba na kwamba leseni peke yake inatosha. Kwa Ohio msimu wa kulungu kwa upinde huanza mwishoni mwa Septemba na kwenda hadi mwanzoni mwa Februari. Anayeomba leseni mara ya kwanza kwa kawaida anapaswa kuwa amepita mafunzo ya uwindaji. Juu ya leseni kuna kibali cha kulungu kinachonunuliwa peke yake, na kwenye ardhi ya mtu binafsi unahitaji ruhusa ya mwenye shamba kwa maandishi. Zile wiki za bunduki zinapoingia katikati ya msimu, hata mwenye upinde anavaa rangi ya machungwa. Majimbo mengine yana kanuni zao, na kila jimbo hutoa kijitabu chake bure.

Wenu,
Fundi wa pinde,
Columbus, Ohio